MBWA WA KAZI NA MBWA WA MAONYESHO

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya mbwa. Huenda mtu mmoja akauliza, "Je, mbwa ana heshima gani hata habari zake zitolewe kwenye redio?" Twamwomba avumilie kidogo. Habari hii inamhusu kila mtu afugaye mnyama, awe ng'ombe, mbuzi au kuku. Tutaeleza jinsi mnyama aliyekuwa hodari wa kazi alivyoharibika mikononi mwa watu waliompenda.

Kwanza tutazame milima ya Scotland, Wales na kaskazini ya Uingereza. Huko mchungaji mmoja huwa na kondoo mamia, nao hutawanyika juu milimani, hata mtu akienda kuwakusanya kwa miguu yake, jua litamchwea kabla hajamaliza. Kazi hiyo humpa mbwa wake. Mchungaji husimama bondeni akapiga mluzi. Mbwa hupanda mlima kwa kuzunguka mbali, asije akawatisha kondoo. Huwatokea kwa nyuma, akajiinamisha na kuwakazia macho. Kondoo wakiyaona macho yale huanza kuteremka polepole. Mbwa habweki wala haumi. Akisikia mluzi wa namna moja huenda kushoto. Wa namna nyingine, huenda kulia. Wa namna ya tatu, hulala chini.

Mbwa kama huyo hakupatikana kwa siku moja. Kwa miaka mingi wachungaji walizalisha mbwa walio hodari tu. Aliyeuma kondoo, aliyechoka upesi, au asiyesikia neno la bwana wake, hakupewa nafasi ya kuzaa. Rangi haikuulizwa. Mmoja mweusi, mmoja mwekundu, mwingine sikio moja limesimama na la pili limelala, yote yalikuwa mamoja. Swali lilikuwa hili: Anaiweza kazi?

Sasa na tuone yaliyotokea baadaye. Mwaka 1859 yalifanyika maonyesho ya mbwa katika mji wa Newcastle, Uingereza. Waliletwa mbwa 60 wa namna mbili tu, na wote walikuwa mbwa wa kuwindia ndege. Watu wakapendezwa, na maonyesho yakaenea katika miji mingine. Mwaka 1873 kikaundwa huko London chama kiitwacho Kennel Club, kiandike nasaba za mbwa na kuweka kanuni za maonyesho. Kisha kwa kila namna ya mbwa zikaandikwa sifa zake: kichwa kiwe hivi, mkia uwe hivi, manyoya yawe hivi.

Fikirini basi kazi ya mwamuzi. Mbwa huletwa mbele yake katika uwanja mdogo. Humpapasa, humtazama akitembea, na kwa dakika chache hutoa hukumu. Aweza kuona manyoya na umbo la kichwa. Hawezi kuona kama mbwa huyu ana akili, au kama atastahimili kutwa nzima katika baridi, kwa kuwa uwanjani hapana kondoo wala mlima. Na mwenye mbwa, kwa kutaka zawadi na bei nzuri ya watoto, huzalisha yale ambayo mwamuzi aweza kuyaona. Hapakuwa na mtu aliyekusudia kuondoa akili ya mbwa. Lakini sifa isiyoulizwa, kizazi baada ya kizazi, hupotea yenyewe, kama njia isiyopitwa inavyoota majani.

Mwaka huo huo wa 1873, mwezi wa Oktoba, yalifanyika mashindano ya namna nyingine katika mji wa Bala, huko Wales. Mbwa 10 walipelekwa malishoni waonyeshe kazi ya kuswaga kondoo, akashinda mbwa aitwaye Tweed, wa mtu wa Scotland jina lake James Thomson. Hivyo mbwa wa wachungaji wakashika njia mbili, kama ndugu wawili waliotengana.

Ndugu wa kwanza alikwenda mjini. Malkia Victoria alimpenda mbwa wa namna hii, na matajiri wakamfuata. Huyo ndiye aitwaye Collie. Manyoya yake yakazidi kuwa marefu, na kichwa chake kikazidi kuwa chembamba. Ni mzuri kumtazama, lakini leo ni wachache sana wanaochunga kondoo, na wengi huzaliwa na ugonjwa wa macho.

Ndugu wa pili alibaki mlimani, naye huitwa Border Collie. Mbwa mmoja aitwaye Old Hemp, aliyezaliwa mwaka 1893 kwa mfugaji Adam Telfer, alisifiwa kwa kazi yake ya kimya, hata wachungaji wengi wakataka uzao wake. Mwaka 1906 wachungaji waliunda chama chao, nacho kina daftari lake la nasaba. Hata mbwa ambaye wazazi wake hawamo daftarini aweza kuandikwa, mradi apimwe kazini na aonekane hodari. Mwaka 1995 chama kikubwa cha maonyesho cha Marekani kilipomwingiza mbwa huyu katika maonyesho yake, wafugaji wa mbwa wa kazi walipinga sana. Walikuwa wameona yaliyompata ndugu yake.

Wako waliopatwa na mabaya zaidi. Mbwa aitwaye Bulldog zamani alifugwa apigane na fahali, mchezo mkatili uliokatazwa kwa sheria mwaka 1835. Baada ya kazi hiyo kukoma, watu wakamzalisha kwa sura tu. Pua ikafupishwa mno na kichwa kikawa kikubwa mno. Leo wengi wao hupumua kwa shida, hasa siku za joto. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2010 huko Uingereza ulionyesha kwamba katika kila mara 100 mbwa hao walipozaa, zaidi ya mara 80 walizaa kwa kupasuliwa.

Mwenye kusoma atauliza, "Ugonjwa huu hutoka wapi?" Jibu ni katika damu ya jamaa. Maradhi mengine hujificha. Mnyama aliyeyarithi upande mmoja tu haonyeshi dalili. Ila mtoto akiyarithi kwa baba na kwa mama pia, huugua. Sasa, dume mmoja akishinda zawadi, kila mtu hutaka uzao wake. Baada ya vizazi vichache mbwa wote wa namna ile ni wajukuu zake, nao huoana ndugu kwa ndugu. Na daftari likifungwa, damu mpya isiingie, siri ya babu huwatokea wote.

Mfano mmoja uko karibu na kwetu. Katika misitu ya Kongo wako mbwa wadogo wasiobweka kama mbwa wengine. Wawindaji huwafunga kengele ya mti shingoni, wapate kujua walipo wakati wanapofukuza wanyama kuelekea nyavuni. Wazungu humwita mbwa huyo Basenji. Mwaka 1937 alionyeshwa London, akapendwa mno. Lakini waliochukuliwa Ulaya na Marekani walikuwa wachache, na katika uzao wao ukaenea ugonjwa wa figo. Ndipo mwaka 1987 na 1988 Wamarekani wakafunga safari hadi Zaire, kama Kongo ilivyoitwa siku zile, kutafuta mbwa wa vijijini. Mwaka 1990 daftari la Marekani likafunguliwa ili mbwa hao waandikwe. Mbwa wa mwindaji, asiye na cheti wala zawadi, ndiye aliyeitwa kuwasaidia wenye vikombe vya fedha.

Hatusemi kwamba maonyesho ni mabaya yote. Daftari la nasaba humsaidia mfugaji kuepuka kuoza ndugu kwa ndugu. Tena mwaka 2009, baada ya watu wengi kulalamika, Kennel Club ilibadili sifa zilizoandikwa kwa Bulldog na namna nyingine, ili afya ipewe nafasi.

Nasi tujifunze. Ukienda mnadani kutafuta beberu, usivutwe na pembe ndefu wala rangi nzuri. Uliza: Mama yake alitoa maziwa mengi? Ndugu zake walipona wakati wa kiangazi? Miguu yake yaweza mwendo? Wala usimwache akapanda binti zake mwenyewe. Badilishana na jirani wa kijiji kingine. Wazee wetu walikwisha sema: Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.