Karanga Inapojifanya Pumu

Mtoto wa miaka miwili anatafuna karanga huku akikimbizana na dada yake. Anapaliwa, anakohoa mpaka machozi yanamtoka, kisha anatulia na kurudi mchezoni. Wiki mbili baadaye analetwa kliniki: kifua kinatoa mluzi, kikohozi hakikomi. Anaandikiwa dawa ya pumu. Ile karanga hakuna anayeikumbuka.

Kinachotudanganya, wazazi na madaktari pia, ni utulivu ule wa katikati. Kitu kikishapita koromeo na kukwama kwenye mrija wa pafu, kuta za mrija hukizoea na kikohozi hupungua, lakini kitu chenyewe bado kimo. Mafuta ya karanga huchoma utando wa njia ya hewa. Harage au punje ya mahindi hunyonya unyevu na kuvimba. Hapo ndipo mluzi huanza.

Pumu ina tabia zake. Huja na kuondoka, sana usiku au alfajiri, ikichokozwa na mafua, vumbi, moshi au baridi. Aghalabu yupo ndugu mwenye pumu, au mtoto mwenyewe ana ukurutu. Mluzi husikika pande zote mbili za kifua, na salbutamoli ya kuvuta humpa nafuu. Kitu kilichokwama kwa kawaida huziba upande mmoja, mara nyingi wa kulia, kwa kuwa mrija wa huko ni mpana zaidi na umenyooka kwenda chini. Ukisikiliza upande huo, hewa inaingia kwa shida. Nimonia inayorudi palepale hunitia wasiwasi zaidi hata kuliko mluzi.

Eksirei usiitegemee sana. Pini itaonekana, karanga, harage na plastiki nyingi hazionekani, na picha yaweza kutoka safi kabisa. Ikijulikana kwamba mtoto alipaliwa, picha safi isitutulize: apelekwe hospitali yenye bronkoskopi, atazamwe ndani ya mapafu na kitu kitolewe akiwa kwenye nusukaputi. Ufundi huu si wa jana. Mwaka 1897 huko Freiburg, Ujerumani, Gustav Killian alitoa kipande cha mfupa kwenye njia ya hewa ya mkulima mmoja.

Tukisahau kuuliza, mzazi utuambie mwenyewe: alipaliwa siku gani, na mdomoni alikuwa na nini, hata kama umepita mwezi mzima. Na kama hukuwepo, muulize kwanza dada wa kazi au yule mtoto aliyekuwa akicheza naye.