Jina Moja Katika Vyeti Vyote

Upanga, jijini Dar es Salaam, kilipo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, husoma pia vijana wa Unguja na Pemba. Wahitimupo na kutaka utumishi wa umma wa Muungano, hawapeleki tena bahasha. Hujaza wasifu wao kwa njia ya intaneti katika mfumo wa Sekretarieti ya Ajira.

Twaelewa kwa nini wasifu huo huchunguzwa kwa jicho kali. Uhakiki wa vyeti uliotangazwa Aprili 2017 uliwataja watumishi 9,932 kuwa na vyeti vya kughushi. Lakini Khamis wa cheti cha kuzaliwa ndiye huyo huyo Hamisi wa cheti cha kidato cha nne. Hakughushi kitu, karani aliandika alivyosikia.

Tunawasihi vijana walinganishe majina herufi kwa herufi kabla ya kujaza, na palipo tofauti watafute hati ya kisheria mapema. Wadhamini wawe watu wanaowafahamu kazini au darasani, si wakubwa wa vyeo tu. Nao maofisa wa usajili, tunawaomba wasimvushe kijana bahari mara tatu kwa ajili ya herufi moja.