Fahamu: Mkristo afanye nini anapoteswa kwa ajili ya imani?

Tarehe 2 Aprili 2015, wanamgambo wa kundi la itikadi kali la Kiislamu la al-Shabaab waliua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya, wakiwalenga hasa Wakristo. Biblia inamwelekeza muumini anayewindwa afanye nini?

Kukimbia si kuikana imani. Katika Mathayo 10, Yesu anawaambia wanafunzi wanaoteswa katika mji mmoja wakimbilie mwingine.

Kudai haki ni halali. Katika Matendo 25, Paulo alikata rufaa kwa Kaisari. Nchini Kenya, Kifungu cha 32 cha Katiba kinalinda uhuru wa dini.

Kisasi ni marufuku. Ndivyo Warumi 12 inavyofundisha. Wala jirani Mwislamu asibebeshwe lawama: Desemba 2015, katika kaunti ya Mandera, abiria Waislamu wa basi lililoshambuliwa na al-Shabaab walikataa kutenganishwa na Wakristo. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016.