Nyumba Mpya, Vyungu Vile Vile

Kanyaruchinya iko kaskazini ya mji wa Goma, kando ya njia iendayo Rutshuru, chini ya mlima Nyiragongo. Mlima huo ni volkano. Tarehe 22 Mei 2021, wakati wa jioni, ulilipuka. Mto wa moto ukashuka mpaka Buhene, pembeni mwa mji, ukateketeza nyumba nyingi. Mama aliyenyang'anywa nyumba na moto, lakini akaokoa chungu na jembe lake, hakulazimika kujifunza upya kupika wala kulima. Alihamia nyumba nyingine na vyombo vile vile ambavyo mikono yake ilivizoea.

Jambo kama hilo huweza kufanyika hata ndani ya kompyuta.

Kompyuta ni chuma na waya tu, wala haiwezi kufanya kazi bila maagizo. Maagizo hayo huitwa programu. Mojawapo ni kubwa kuliko zote, nayo ni msimamizi wa nyingine. Jina lake ni mfumo wa uendeshaji. Ndio unaopokea herufi zinazopigwa kwa vidole, ndio unaotunza maandiko, ndio unaoamuru mashine ya kuchapa. Programu za kuandika barua au za kufanya hesabu hukaa ndani yake, kama vyungu ndani ya nyumba.

Mfumo unaotumiwa na watu wengi ni Windows, wa kampuni ya Microsoft ya Marekani. Mwingine ni Linux. Huo ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, nchi ya Finland. Linux hutolewa bure. Namna moja ya Linux huitwa Ubuntu, yaani utu. Ilitoka mwaka 2004, na mwanzilishi wake ni Mark Shuttleworth, mtu wa Afrika Kusini.

Fikirini sasa mwalimu mmoja wa Kanyaruchinya. Ana kompyuta ya zamani yenye Windows 10, na ndani yake mna alama za wanafunzi wote. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza muda wa kawaida wa kuutengeneza mfumo huo. Mfumo usiotengenezwa ni kama ukuta wenye ufa: mwizi hupata njia. Tena kompyuta nyingi za zamani hazikubali Windows 11. Mwalimu hana fedha za kununua kompyuta nyingine. Aweza kuweka Linux, lakini anaogopa, asema, "Je, programu zangu zitapotea?"

Ziko njia tatu za kumsaidia.

Njia ya kwanza ni kutumia programu zinazojua kukaa katika nyumba zote mbili. Firefox ni ya namna hiyo, na LibreOffice pia. LibreOffice huandika barua na kufanya hesabu, na husoma maandiko yaliyoandikwa kwa programu za Microsoft, ingawa pengine mistari husogea kidogo. Ilitokana na OpenOffice, ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 2004, ikaitwa Jambo OpenOffice.

Njia ya pili ni mkalimani. Sokoni Goma, Mnande asiyejua Kinyarwanda huweza kununua viazi kwa mama asiyejua Kinande, ikiwa yupo mtu wa kati ajuaye lugha zote mbili. Programu iitwayo Wine, iliyoanza mwaka 1993, hufanya kazi hiyo. Programu ya Windows huomba kitu kwa lugha yake, Wine huligeuza ombi hilo, na Linux hulielewa. Lakini mkalimani hajui maneno yote, kwa hiyo programu nyingine hukataa.

Njia ya tatu ni kuweka Windows yenyewe ndani ya Linux, kama chumba ndani ya nyumba. Njia hii hutaka kompyuta yenye nguvu, basi haimfai mwenye kompyuta dhaifu.

Mwalimu mwenye busara hafanyi haraka. Kwanza hunakili alama zote na kuziweka mahali pengine, kwa maana akiba haiozi. Pili huwasha Ubuntu kutoka kwenye flashi, bila kugusa kilichomo ndani ya kompyuta, akajaribu programu zake moja moja. Tatu, akiona kazi zake zinakwenda, ndipo huhama. Akiona programu moja ya lazima imekataa, hubaki kwanza na kutafuta nyingine ya kushika mahali pake.

Maswali
1. Mfumo wa uendeshaji hufanya kazi gani?
2. Kwa nini Wine hufananishwa na mkalimani?
3. Mwalimu angepata hasara gani kama angehama bila kunakili alama?