Jiwe jeupe mfukoni mwa mtoto

Mzazi wa Ramadhani, Njombe, au wa Makambako, usikimbilie kulitupa jiwe jeupe linalong'aa aliloliokota mwanao njiani. Huenda ni kwatzi, jina lile lile lililoandikwa kwenye saa nyingi za ukutani. Ni silikoni na oksijeni tu, lakini kule Chunya na Geita wachimbaji huifuata mishipa yake wakitafuta dhahabu.

Likwaruzeni kwenye chupa tupu, wewe ukiishika. Kwatzi itaacha alama, maana ugumu wake ni 7. Almasi ni 10. Kwa hiyo anayekuuzia "almasi" kwa kukuonyesha inavyokwaruza kioo hajathibitisha lolote.

Ila mtoto asiligonge kwa nyundo. Vipande vyake hukata kama wembe na huruka machoni, na vumbi lake likivutwa kila siku huharibu mapafu.