Kwa Nini Treni Huzuiwa Nje ya Stesheni ya Dar es Salaam

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

ABIRIA wengi wa treni za jijini Dar es Salaam wameionja hali hii: treni imebakiza mwendo mfupi kufika stesheni, mbele hakuna treni inayoonekana, lakini dereva anapunguza mwendo na kusimama. Manung'uniko huanza ndani ya mabehewa. Wapo hata wanaoruka chini na kumalizia safari kwa miguu juu ya mataruma, jambo la hatari kuliko kuchelewa kwenyewe.

Uamuzi wa kuisimamisha treni hiyo kwa kawaida si wa dereva, bali wa mwongozaji wa treni, ofisa ambaye abiria hamwoni. Kanuni yake ya kwanza ni kwamba njia hugawanywa katika vipande, na kipande kimoja hakiruhusiwi kuwa na treni mbili kwa wakati mmoja. Dereva wa daladala anaweza kusimama kwa umbali anaouona kwa macho. Dereva wa treni hawezi, kwa kuwa gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza kirahisi na mzigo ulio nyuma yake ni mkubwa. Treni ya reli ya kisasa (SGR) ikiwa katika kasi ya kilomita 160 kwa saa hupita zaidi ya mita 44 katika kila sekunde moja.

Ugumu huongezeka karibu na Stesheni, kwa sababu hapo ni mwisho wa njia. Kila treni inayoingia lazima itoke kwa upande ilioingilia. Treni inayovutwa na kichwa hulazimika pia kufunguliwa kichwa hicho na kukizungusha hadi upande wa pili, kazi ambayo treni za Mchongoko, zenye chumba cha dereva pande zote mbili, haziihitaji. Hivyo njia inayoonekana tupu huenda tayari imeahidiwa treni nyingine inayojiandaa kutoka.

Mfano mzuri ni treni za mjini zilizoanzishwa Oktoba 2012, ambazo wananchi walizipa jina la aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, Dkt. Harrison Mwakyembe. Treni inayotoka Ubungo Maziwa kupitia Mabibo na Tabata, na ile inayotoka Pugu kupitia Gongo la Mboto, zote huhitaji kupita Kamata ili kufika Stesheni. Zikikaribia pamoja, moja lazima isubiri. Ishara na pointi, yaani reli zinazosogezwa kuhamisha treni kutoka njia moja kwenda nyingine, hufungamanishwa ili ruhusa ya treni ya kwanza ifunge ruhusa ya treni ya pili hata kama mwongozaji amechoka au ameharakishwa.

Katika SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, ruhusa hiyo hufika kwa mawasiliano ya redio na kuonekana kwenye kioo mbele ya dereva. Akizidisha mwendo aliopangiwa, mtambo hufunga breki wenyewe. Upande wa Temeke, TAZARA ina reli yake yenye upana wa milimita 1,067, tofauti na milimita 1,000 za reli ya zamani ya TRC na 1,435 za SGR. Kwa sababu hiyo treni ya mtandao mmoja haiwezi kupelekwa kwenye njia ya mwingine pale msongamano unapotokea.

Gharama ya treni mbili kukutana katika njia moja Watanzania wanaijua. Tarehe 24 Juni 2002, mkoani Dodoma, treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilishindwa kufunga breki kwenye mlima, ikarudi nyuma na kugongana na treni ya mizigo kati ya Msagali na Igandu. Watu 281 walipoteza maisha.

Lakini kuna kitu ambacho mwongozaji hakioni kwenye mitambo yake: mtu. Mitambo hutambua magurudumu ya treni. Haitambui mama aliyetandaza bidhaa kandokando ya reli, mwanafunzi anayekatiza njia wala bodaboda inayopenya kwenye kivuko. SGR imezungushiwa uzio na kupewa madaraja. Reli ya zamani inapita katikati ya makazi ya Buguruni na Vingunguti, na hapo treni iliyoruhusiwa kwa usahihi wote bado inaweza kuua.

Suala jingine ni nyaya. Mfumo wa ishara hutengenezwa ili ukiharibika uonyeshe nyekundu, kwa hiyo anayekata waya mmoja ili auze shaba husimamisha treni zote za kipande hicho. Mwongozaji hulazimika kurudi kwenye utaratibu wa kutoa ruhusa kwa sauti na kuirudia neno kwa neno, treni moja baada ya nyingine, kwa mwendo wa pole, hadi mafundi watakapounganisha waya huo na kuujaribu.