Orkide za mlimani zinataka ukungu, si mafuriko

KASONGO / KABAMBARE. – Mti mkubwa ukiangushwa porini, hauanguki peke yake. Ku matawi yake kunakaa maua ambayo Kifaransa kinaita orkide, na yenyewe yanashuka pamoja nao. Sisi wachimbaji wa Kabambare tunayaona sana, kwa sababu mashimo yetu yanaegemezwa na miti. Kuna anayeokota orkide moja, anaifunga mu mfuko, anashuka nayo mpaka Kasongo, anaiweka ku baraza. Mwezi hauishi, imeoza. Utamsikia: «Lakini nilikuwa ninamwagilia kila siku!» Njo yale maji yaliyoiua.

Tujue kwanza mmea huu unaishi namna gani. Orkide ya juu ya mti hainyonyi mti. Inaushika tu, kama mtu anavyoshika ngazi. Maji na chakula inapata mu mvua, mu ukungu na mu majani yanayooza kando ya mizizi yake. Mzizi umevaa ngozi nyeupe, kama sponji. Mvua ikinyesha, ile ngozi inakunywa upesi na kugeuka kijani. Kiisha upepo unaikausha. Ukiizika mu udongo mzito wenye maji, umeifungia pumzi.

Mchimbaji anaelewa jambo hili upesi. Ndani ya shimo unyevu ni mwingi, lakini kama hewa haitembei, mtu anakufa. Njo maana sendika inadai mashini ya hewa kila siku. Orkide ni vile vile: inataka hewa yenye unyevu, lakini hewa inayotembea.

Uliza kwanza inatoka wapi

Ukipanda mlima mita 1000, joto linapungua karibu digrii 6. Milima ya Itombwe inafika mita 3475 ku mlima Mohi. Orkide iliyozaliwa juu kama kule imezoea usiku wa digrii 10 mpaka 13, na mchana usiochoma. Kasongo iko chini, karibu na Lualaba. Usiku kama ule hatuna. Tuseme kweli: orkide ya baridi kali ukiileta mjini, utaiangalia ikifa polepole. Anayekaa ku vilima virefu vya mashariki, kuelekea Fizi, ana bahati zaidi.

Mtu wa Kasongo apande orkide ya joto. Iko moja, wataalamu wanaiita *Ansellia africana*: maua ya manjano yenye madoa ya kahawia, kama ngozi ya chui. Mizizi yake mingine inasimama juu kama miiba, inafanya kitunga cha kukamata majani yanayoanguka.

Maji: asubuhi, na yapite

Usitumie udongo wa shamba. Chukua chungu cha udongo chenye matundu, jaza vipande vya makala na maganda magumu ya mti. Ao ifunge ku kipande cha gogo na uitundike kivulini, pale upepo unapita.

Mwagilia asubuhi, maji yatoke yote chini. Usimwagilie jioni: majani yakilala na maji, hasa mu baridi, ugonjwa wa kuoza unaingia. Usifuate kalenda, fuata mzizi. Mweupe unaomba maji. Wa kijani umeshiba, uache. Iliyofungwa ku gogo inakauka upesi, mu kiangazi inaweza kutaka maji kila siku. Ya mu chungu inangoja siku mbili, tatu ao zaidi. Orkide yenye vigimbi vinene ku shina, kama ile ya chui, inaweka akiba, kiangazi inapumzika na maji kidogo. Isiyo na vigimbi haiwezi kuvumilia ukame mrefu.

Maji ya mvua njo mazuri zaidi. Maji ya kuoshea mchanga wa dhahabu, hapana kabisa: yana matope na zebaki. Hayafai kwa mmea, na hayafai kwa mikono ya mtoto anayemwagilia.

Unyevu na baridi

Orkide za mlimani zinapenda unyevu wa hewa wa 60 mpaka 80 kwa mia. Kama hauna chombo cha kupima, tafuta vipimajoto viwili vya hewa (kile cha homa hakifai, kinaanza juu sana). Kimoja ukifunge kitambaa kilicholowa. Kikavu kikionyesha 24 na chenye kitambaa 20, unyevu uko karibu 70. Tofauti ikiwa kubwa zaidi, hewa imekauka.

Kuongeza unyevu si kumwaga maji ku mizizi. Weka beseni la changarawe na maji, kiisha simamisha chungu juu ya changarawe bila kugusa maji. Mwaga maji ku sakafu saa ya jua kali. Na mnajua mtungi wa maji ya kunywa: unatoa jasho, maji yanakuwa baridi. Weka chungu ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa. Mvuke ukitoka unabeba joto. Mu kiangazi inasaidia. Mu mvua, hewa ikiwa imejaa maji, haisaidii sana.

Upande wetu wachimbaji

Beseni haliwezi kushika nafasi ya msitu. Ni miti ya juu inayokamata ukungu na kuficha jua. Tukiimaliza kwa ajili ya mashimo, orkide zitakwisha, na vijito tunavyoosheamo vitapungua pia. Sisi wa sendika tunaomba kila komite ya machimbo ipande miti ya kuegemeza mashimo, badala ya kupanda mlima zaidi kila mwaka.

Ukiona orkide ku mti ulioanguka, ifunge ku mti mwingine mzima palepale. Njo nafasi yake nzuri. Itombwe ni hifadhi tangu 2006, usiokote kule. Na akija mnunuzi anayetaka magunia ya kupeleka ngambo, muulize kibali: orkide zote ziko mu mkataba wa CITES wa 1973, na nchi yetu iliuingia 1976. Yeye atakwenda na ndege. Wewe utabaki hapa na polisi.